Mkono wa Bhoke na Jani la Uzioni

Nakumbuka siku ambayo wifi yangu Bhoke alirukiwa na mafuta ya moto akikaanga samaki, sato, nyumbani kwetu Kamunyonge. Mimi nilikuwa msichana bado. Yeye alikuwa ameolewa na kaka yangu Marwa mwaka uleule, na kazi yake ilikuwa ufundi cherehani. Mkono wa kulia uliungua kuanzia kiganjani hadi juu ya kifundo cha mkono. Mwanangu, hakulia. Aliuliza tu kama ataweza kushika mkasi tena.

Marwa alitoka mbio, akarudi na jani nene lenye miiba, utomvu unadondoka.

"Umelitoa wapi?" akauliza shangazi yetu, aliyekuja kututembelea kutoka Nyamuswa.

"Kwenye uzio wa jirani, shangazi. Si shubiri hii?"

Shangazi akalivunja. Nyuzi ndefu nyeupe zikatokeza. "Hii ni katani, baba. Watu wanasokotaga kamba, wewe unataka kumpaka mkeo! Ingemwasha mpaka arudi kwao."

Bhoke akacheka huku machozi yakimtoka. Shangazi alimvua pete kabla vidole havijavimba, akammwagia maji safi ya baridi, taratibu, kwa muda mrefu. Marwa akakumbuka kwamba shangazi ametuletea mche wa shubiri kwenye sufuria lililotoboka. Akaufuata.

"Uache," shangazi akasema. "Huo tunatumiaga mtu akiungua kidogo, ngozi ikiwa nzima. Huyu ngozi imeshatoka. Kaite bodaboda."

"Lakini wewe ndiye unatuambiaga tupande dawa nyumbani!"

"Ndiyo. Na leo nakuambia siyo ya huyu. Nenda, baba."

Shangazi akaufunika mkono kwa kitambaa safi, wakaenda kituo cha afya. Bhoke alirudi huko mara nyingi kusafishwa na kufungwa upya, na kila mara Marwa alimsindikiza. Kovu lipo hadi leo, lakini vidole vyote vinakunjuka. Gauni nililoolewa nalo alilishona yeye.

Kwa hiyo, mwanangu, panda. Otesha shubiri karibu na mlango wa jikoni, na mche uuchukue kwa mtu anayeujua, usiokote uzioni. Ukikata jani, lisimamishe kwanza ili ule utomvu wa njano uchuruzike, lioshe, ndipo utumie ute wa ndani usio na rangi. Utakufaa kwa mchubuko mdogo, au kwa kuungua kidogo baada ya maji ya baridi. Ukiona ngozi imetoka, malengelenge makubwa, jeraha la kina, au aliyeumia ni mtoto mdogo, usijaribu chochote cha bustanini. Mpeleke kwa waganga wa kituo cha afya. Wala usimkaripie aliyekuletea jani lisilofaa. Naye ameshtuka, na anampenda huyo mgonjwa kama wewe.

Mungu aibariki bustani yako, mwanangu, na akujalie moyo mtulivu siku mwenzako atakapoumia.