Kiti cha Msimamizi

Wanafunzi walimwita Mama Upole, na walimwita hivyo kwa kumtania. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana wa chuo cha ufundi namna ya kuzungumza na watu kazini: kumsikiliza mwenzio mpaka amalize, kukataa bila kutukana, kumweleza mkubwa kosa lake bila kumvunjia heshima. Mwenyewe hasira zake zilikuwa karibu, kama maziwa yaliyo motoni. Kila alipobamiza mlango nyumbani, mumewe alimcheka: mganga hajigangi. Naye alimjibu kwamba angezaliwa mpole asingekuwa na la kufundisha.

Kabla ya ualimu alikuwa akipokea simu kwenye ofisi ya mizigo. Asubuhi alitukanwa na wateja, jioni na mabosi, na hakuna aliyemfundisha cha kujibu zaidi ya "samahani". Neno hilo lilimkaa kooni hadi leo.

Siku hiyo mkuu wa chuo alimwita kwa habari iliyomchemsha damu. Binti mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwenye kiwanda cha mikate alikuwa amefukuzwa. Msimamizi alimwamuru atoe donge lililonasa kwenye mashine ya kukandia unga, nayo ingali ikizunguka, na kifuniko chake kilishavunjika zamani. Binti alisema kama alivyofundishwa: "Bosi, kazi nitaifanya, ila naomba tuizime kwanza." Msimamizi aliapa kwamba mashine ilikuwa imezimwa, na kwamba binti alimtukana tu mbele za watu. Bila saini yake, binti hapati cheti.

"Msimamizi yuko darasani kwako, anasubiri kuombwa radhi," mkuu alisema. "Ongea na binti. Funika kombe, mwanaharamu apite. Tukimuudhi huyu, wanafunzi wetu tutawapeleka wapi?"

Mama Upole alitangulia kwenda darasani. Majibu alikuwa nayo tele, lakini yote yalikuwa ya kumfukuzisha kazi.

Darasani walimkuta msimamizi amejimwaga kwenye kiti cha mwalimu, funguo za gari mezani. Wanafunzi walikuwa wamekaa nyuma, na binti amesimama ukutani akivuta pindo la sare yake.

"Huyu mtoto wenu hana adabu," msimamizi alimwambia mkuu, kana kwamba binti hayupo.

Darasani humo kulikuwa na desturi: waliogombana hubadilishana viti, kila mmoja akawa mwenzake, wakaurudia ugomvi wao. Kwa sauti ya asali iliyomtoa jasho, mwalimu alimwomba mgeni asaidie somo kidogo kabla ya radhi. Msimamizi alicheka, akahamia kwenye stuli. Mkuu alikunja uso, lakini nani amkatize mgeni anayecheka?

Binti aliketi kwenye kiti kikubwa. Akafoka kwa sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia kwake.

"We kichwa maji, unangoja nini? Tia mkono utoe hilo donge."

"Si bado inazunguka, bosi?" msimamizi alijibu.

Lilimtoka kabla hajalipima. Hakuna aliyemwambia aseme hivyo. Nyuma mtu aliguna, na mkuu akaanza kuvitazama viatu vyake. Hasira zilimpanda Mama Upole hadi masikioni. Kumbe msimamizi alijua. Alijua tangu siku ile, na bado alikuwa tayari mikono ya mtoto wa watu isagike, ili tu asionekane ameelekezwa na mdogo.

Binti hakuondoka kitini.

"Sawa, izime kwanza," alisema taratibu, bado akiwa bosi. "Ahsante kwa kuniambia."

Mwalimu nusura alie kwa uchungu. Jibu jepesi kiasi hicho, na mtu mzima lilimshinda.

Msimamizi aliinuka, akazoa funguo zake. "Mwambieni arudi kesho," alimwambia mkuu.

"Mwambie mwenyewe," Mama Upole alisema, na safari hii hakutia asali. "Yupo hapa, anasikia."

Shingo ilimvimba msimamizi. Hatimaye aligeuka, akamtazama binti usoni.

"Rudi kesho."

"Nitarudi, bosi," binti alisema. "Mkishaweka kifuniko."