Baba Neema Alirudi kwa Ajili ya Samaki

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, ndipo nianze. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwenye sebule yangu, ghorofa ya kumi na mbili, hapa Dixon Road, Toronto. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mwezi wa kwanza. Sikuwa nimelala wala sikuwa na homa. Nilikuwa nimetoka kazini, koti la baridi bado liko mwilini.

Mume wangu alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Nilimwita Baba Neema, kwa jina la binti yetu. Kiharusi kilimlaza miaka mitatu, na miaka yote hiyo nilimuuguza mimi. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee huku Etobicoke. Basi mchana niliwageuza wazee wa watu, jioni nikamgeuza wangu. Nikamwogesha, nikamlisha kwa kijiko. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini alipotaka kusema alisema. Kwangu alisema uji una maji mengi. Shuka lina mikunjo. Umechelewa. Neno la pole au asante sikulisikia hata mara moja.

Maneno matamu alimwekea samaki.

Alikuwa na samaki mmoja wa rangi ya chungwa, mnene, ndani ya tangi la kioo pale sebuleni, karibu na kitanda chake. Alimwita Diwani kwa sababu ya lile tumbo. Walikaa pamoja miaka kumi na minne, wakazeeka pamoja. Jicho moja la Diwani liliingia ukungu, mapezi yakachanika, mwishowe akawa hawezi kukaa sawa majini. Anaelea ubavu, ungesema amekufa, ila mdomo unafunguka na kufungika. Baba Neema anamtazama kutoka kitandani, anamwambia, "Pole, rafiki yangu. Umechoka, eh?" Na mimi nimesimama hapo hapo na beseni la maji machafu mkononi.

Alipofariki, Neema aliniambia nimgawe yule samaki, au nimtupe chooni yaishe. Aliniambia kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia tu. Nilikataa. Usidhani ni mapenzi, yule samaki nilimchukia. Lakini mimi sijui kuuguza nusu nusu. Nilipunguza maji ya tangi ili asihangaike kupanda juu kuvuta hewa. Nikamnyima chakula siku mbili, tumbo lipumzike, halafu nikachemsha njegere, nikazimenya moja moja, nikamlisha kwa vidole. Kila Jumamosi nilimbadilishia maji kidogo. Akaendelea kuishi, ubavu ubavu.

Sasa jioni hiyo nikafungua mlango, nikaingia, nikafunga kwa ufunguo kama kawaida. Nilipogeuka, Baba Neema alikuwa amesimama kando ya tangi.

Amesimama, unanielewa? Mtu ambaye miaka mitatu hakusimama. Amevaa nguo za kulalia za bluu nilizozigawa kanisani kwa mikono yangu mwenyewe. Amekunja mkono wa shati, kiganja kimo majini, amemshikilia Diwani chini ya tumbo ili akae wima. Nilisikia harufu ya dawa yake ya kuchua.

"Pole, Diwani," alisema, sauti yake ile ile. "Umeteseka sana."

Kisha akanigeukia. Wewe usingengoja neno? Mtu ametoka kaburini, yuko na mkewe ana kwa ana. Aliniambia, "Mama Neema, maji haya yana baridi mno."

Niamini, hofu yote iliniisha papo hapo. Kilichonipanda ni hasira.

"Baba Neema," nilimwambia, "miaka mitatu nimekubeba. Mgongo wangu umeharibika kwa ajili yako. Samaki unampa pole, mimi unaniletea lawama mpaka kutoka kuzimu?"

"Sikujua kama na wewe unachoka," alisema.

"Hukuuliza."

Aliinamisha kichwa. Nikamwambia, "Mchukue samaki wako, muondoke wote wawili. Mimi nimemaliza." Nikageuka kuwasha taa.

Taa ilipowaka hakukuwa na mtu. Kifuniko cha tangi kilikuwa mahali pake, kimefungwa. Diwani hayumo. Nilitoa maji yote mpaka kwenye kokoto, nikasogeza televisheni, nikapapasa chini ya kochi. Hayupo. Kulikuwa na matone tu kwenye zulia, kutoka kwenye tangi mpaka mlangoni, na mlango bado umefungwa kwa ufunguo.

Nilimweleza Neema. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama, ungeniambia tu kwamba umemtupa." Mpaka leo anaamini nilimtupa chooni samaki wa baba yake, na akinipigia simu nasikia ubaridi sautini mwake. Hilo nalo ameniachia marehemu.

Siku hizi nikirudi kutoka kazini napiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe kabla ya kufungua. Na wewe unayemuuguza mtu leo, nisikilize. Kama umechoka, mwambie angali hai, mwambie usoni, hata akinuna. Usijidanganye kwamba anaona. Mimi nilinyamaza nikingoja aone, na hasira niliyobaki nayo sina wa kumpa.