Stéphane na Breki ya Marehemu Baba Yake

Stéphane Chisanga ana miaka arobaini na minne, na tangu alipomaliza shule anatengeneza pikipiki katika ua wa baba yake, mtaa wa Katuba. Mimi ni jirani yake. Ukuta wetu ni mmoja.

Baba yake, mzee Nkandu, alikuwa mtu wa reli. Alifariki mwaka jana, mwezi wa sita. Aliacha nyumba ya matofali yenye bati linalovuja, dada zake watatu wajane wanaokaa vyumba vya nyuma, na Yamaha nyekundu ya mwaka 1979 iliyokuwa imesimama bandani miaka tisa.

Katika ukoo wao, nafasi ya marehemu haiachwi wazi. Siku ya kuondoa matanga, mrithi anaingia getini akiwa amepanda chombo cha marehemu. Mzee Nkandu mwenyewe aliingia hivyo, juu ya baiskeli ya baba yake. Shangazi mkubwa anampaka mpemba, ule unga mweupe, kwenye paji la uso, na tangu saa ile anaitwa kwa jina la marehemu, analala chumbani mwake, na hahami tena. Hakuna anayefuta mpemba ule. Atakayeufuta, watasema amemuua mzee mara ya pili.

Stéphane alikataa nafasi hiyo mara tatu. Mke wake, Falonne, alikuwa ametangulia kwao Kasenga na watoto wawili. Kaka yake Falonne alikuwa amewawekea kibanda karibu na mto Luapula, ili Stéphane atengeneze mota za mitumbwi. Maisha yake yote Stéphane hajalala mahali ambapo kikohozi cha shangazi zake hakisikiki. Aliniambia hivyo mwenyewe, wala hakucheka.

Mwishowe ukoo ulikubali kwamba mdogo wake, Fils, anayefanya kazi Kolwezi, achukue nafasi. Matanga Jumamosi, basi la Kasenga Jumapili. Stéphane alifunga begi lake, funguo zake za kufungulia bolti zikiwa chini kabisa. Kilichobaki ni pikipiki itembee.

Alhamisi aliivuta kutoka bandani. Gurudumu la mbele lilikataa kuzunguka; likaburuzika tu na kuacha mstari mchangani.

"Ona," alisema shangazi Ngalula, mkubwa wa wale watatu. "Hata yeye hapendi kutoka mu parseli, mu kiwanja ya muzee."

"Ni etriye, tantine. Imeshika."

Etriye ni kile chuma kinachobana diski ya gurudumu unapokamata breki. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma plakete, yaani pedi za breki, na pistoni hii ilikuwa imesukuma miaka tisa iliyopita na haikurudi tena. Stéphane alifungua bolti mbili, akatoa plakete zilizoliwa hadi chuma. Pistoni yenyewe haikutoka. Akafunga pampu ya grisi pale mpira wa breki unapoingilia, akapampu polepole, akingoja katikati ya kila pigo. Ilitoka karibu na saa sita mchana, ina vidonda vya kutu pande zote. Raba yake ilikuwa imevimba kama mkate uliolowa.

"Mutu aliweka oili ya mota humu," alisema.

"Nani?" niliuliza.

"Baba. Alipendaka kuongeza oili fasi yote."

Ijumaa alikwenda mjini. Fundi wa mashine ya kukereza alimchongea pistoni mpya, na kwa muuza vipuri vya zamani alipata raba mbili zilizolingana. Aliporudi alisafisha mfereji wa raba kwa kijiti cha mti, si kwa chuma, ili asiukwaruze. Aliilowesha raba kwa maji mapya ya breki, akaingiza pistoni kwa kidole gumba tu. Ikihitaji nyundo, alisema, ujue umekosea.

Jumamosi asubuhi tulitoa hewa kwenye breki. Mimi nilishika chupa na kimpira. Yeye aliminya mkono wa breki, akawa anafungua na kufunga skrubu ya hewa. Vipovu vilipungua, vikaisha. Mkono ukawa mgumu.

Uani watu walikuwa wamekwisha kukaa. Shangazi Ngalula alikuwa na sahani ya mpemba mapajani. Baba mdogo wa Stéphane, mzee Ngosa, alikuja kutazama.

"Fils yuko njiani, anapita Likasi. Pikipiki iko tayari?"

"Bado kuijaribu."

"Fils ataijaribu."

"Hapana, baba mudogo. Miye sipane mutu breki yenye sijapanda mwenyewe. Akigonga bamama pale pa mulango?"

Mzee Ngosa alicheka. "Haya, kimbia."

Stéphane aliisukuma kwa mikono hadi nje ya geti. Alijua vizuri sana asipande ndani. Akaipiga teke mara nne, ikawaka. Alikwenda hadi shule iliyo mwisho wa barabara, akarudi, akakamata breki mbele yangu. Akaenda tena. Mara ya tatu pikipiki ilisimama papo hapo, imenyooka, bila kulia. Nilimwona anatabasamu.

Geti lilikuwa wazi kwa ajili ya wageni. Kwa miaka zaidi ya ishirini, kila anapomaliza kujaribu pikipiki ya mtu, anakata kona, anaingia uani, anasimamisha gurudumu la mbele likigusa jiwe anapofanyia kazi. Akakata kona. Mimi nilikuwa pale getini na sikufikiri kumkumbusha. Nilikuwa nikitazama gurudumu.

Lilisimama likigusa jiwe. Akazima.

Shangazi Ngalula akainuka na sahani.

"Tantine, hapana! Nilikuwa najaribu breki!"

"Mwenye kuingia anaingia," alisema, na kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye paji la uso. Vigelegele vikapigwa. Mzee Ngosa alivua kofia.

"Nkandu. Karibu kwako."

Fils alifika saa nne na nusu, amevaa suti. Alipoona mpemba, alipiga goti moja, na hakuweza kuficha furaha.

"Baba, jambo."

"Usiniite baba. Futa hii kitu."

"Nifute miye? Unataka tantine anizike na suti mupya?"

Jumapili saa moja asubuhi simu ililia. Stéphane aliipokea amekaa kwenye jiwe.

"Uko mu basi?" Falonne aliuliza, sauti yake niliisikia hadi kwangu.

"Niko ku nyumba."

"Nani njo aliingia na pikipiki?"

"Ni miye."

Falonne akauliza, polepole, "Sasa watoto bakuite nani?"

Stéphane alikuwa bado ameshika simu mtu aliposimama getini na pikipiki, akiisukuma kwa shida.

"Muzee Nkandu! Breki yangu inashika."

Stéphane aliingia ndani. Nilisikia zipu ya begi, na nguo zikitolewa moja moja, kwa sababu funguo zilikuwa chini.