Njia Panda ya Kwa Mgonjwa

Mjomba wangu ana afya ya kung'oa mkorosho kwa mkono mmoja, lakini nusu ya mkoa wa Lindi inamhurumia. Kosa ni la njia panda.

Barabara ya kuukwepa mji ilipochongwa nje ya Mitwero, mikorosho yake ndiyo iliyokatwa ili njia ya mashamba ikutane na lami. Hakulalamika. Alitaka jambo moja tu, kituo kiitwe kwa jina lake. Wenzake wameacha misikiti na visima. Yeye atatangazwa na makonda mpaka Dar es Salaam.

Basi la kwanza likafika siku aliyoshikwa na malaria. Alikuwa amejikunja kwenye mkeka kando ya lami, blanketi mpaka masikioni, anasubiri usafiri wa hospitali. Konda hakujua pale panaitwaje. Akatazama kulia, pori; kushoto, mjomba. Akapiga bodi: "Kwa Mgonjwa, wa kushuka!"

Homa iliisha kabla ya wiki. Jina halikuisha. Mjomba akafungua kibanda cha chai na mihogo palepale, akawa anabeba magunia mbele ya kila basi ili watu waone kifua. Wapi! Abiria walinunua maji ya chupa tu, tena baada ya kukigeuza kizibo na kukikagua. Nani anywe chai kwa mgonjwa? Akasimamisha ubao wa jina lake, mkubwa kama mlango wa ghala. Niliuandika mimi, kwa herufi zangu za shule ya jioni. Makonda wakawa wanaelekeza watu: shukia Kwa Mgonjwa, pale penye ubao.

Kisha akaja mgeni rasmi kuzindua barabara ambayo tayari tulikuwa tumeitumia mpaka ina viraka. Akahutubu hadi kuku wakaenda kulala. Aliposikia jina la mahali, akavua miwani, akasema kama wananchi wanaugua kiasi hiki, basi zahanati italetwa. Akataka amwone mgonjwa mwenyewe.

Uwanja mzima ukamgeukia mjomba. Wajawazito wa huku walikuwa wanajifungulia juu ya bodaboda, kila mtu alilijua hilo. Mjomba alikuwa mstari wa mbele, kanzu imepigwa pasi, koti juu, tayari kulitaja jina lake kwenye kipaza sauti. Mkewe akamwinamia.

"Bwana, kohoa."

"Mimi mzima."

"Kohoa, watu wazae."

Akautazama ubao wake. Kisha akakohoa, kikohozi kimoja ambacho nadhani kilisikika mpaka Likawage. Mgeni rasmi akampa pole, makofi yakapigwa.

Zahanati imefika kwenye msingi, ikapumzika hapo. Mbuzi ndio waliolazwa. Kila asubuhi mjomba huwafukuza na kufagia. Ubao ameung'oa mwenyewe. Basi likisimama, abiria humpa pole dirishani, naye huuliza kama kuna mkubwa yeyote wa serikali ndani ya gari. Akiambiwa yupo, hushika kifua, akakohoa tena.