Matanga ya Jua

Jumapili iliyopita nilitumwa Dunga, ufuoni mwa ziwa, kumtafuta nyanya, nikakuta gugu maji limetanda mpaka kwenye mawe. Hakuna gari hata moja. Rafiki yangu, ufuo ulikuwa kama jikoni bila sufuria.

Nikiwa darasa la pili, kila Jumapili jioni mawe hayo yalikuwa yetu. Tulifua, tukaoga, nyanya akakaanga samaki wa ngege mpaka moshi ukatutoa makamasi. Nyuma yetu Wahindi wa mjini walipanga magari yakitazama maji, nao wakakaa humo ndani, kimya. Familia moja, ya gari jeupe, ilikuja Jumapili tatu mfululizo.

Nyanya akakosa raha. Kwetu, anayekodolea ziwa macho bila kuoga wala kuvua anangoja maiti ya mtu wake ielee. Na kumpita mfiwa bila kumpa pole ni aibu itakayokufuata mpaka kwenye matanga yako mwenyewe. Akanituma niulize ni nani amezama.

Nilipofika dirishani, mama wa gari akanijaza mikono chevda, ule mchanganyiko wao wa njugu na dengu. Sasa ungeuliza habari za maiti na mdomo umejaa? Nilikula hadi pilipili ikanitoa machozi, nikarudi hivyo hivyo, nikasema wana huzuni hata hawawezi kuongea.

Basi nyanya akafunga leso kiunoni, akabeba sahani ya ngege, akamchukua jirani mwenye sauti, wakaenda wakiomboleza. Vioo vilipandishwa upesi. Halafu kimoja kikashuka kidogo.

"Sisi hatuli samaki, mama."

Nyanya akamwambia jirani, unaona, huzuni imewafunga hata koo. Kisha akainama dirishani.

"Pole sana, mama. Ni mtoto ama ni mzee?"

"Nani?"

"Huyu mnangoja kwa maji."

"Tunangoja jua izame tu."

Nyanya akaligeukia jua, akalikagua kama samaki wa jana. "Kwani huko kwenu haizami?"

Mama yule alicheka mpaka chai ikamwagika. Akasema wao ndio hutuonea wivu, maana kila wakija wanatukuta majini na mapovu na vicheko, kama watu wa likizo. Likizo! Nyanya, na mgongo uliovunjwa na blanketi saba!

Blanketi za Jumapili iliyofuata nilizifua mimi, adhabu ya chevda. Lakini tangu hapo kikombe cha nyanya kilitoka dirishani kila wiki, naye akakinywa ameligeuzia jua mgongo, eti ana kazi.

Gugu lilipokuja, magari yakaacha kuja. Basi Jumapili iliyopita nilimkuta nyanya peke yake juu ya jiwe, hana beseni, hana nguo za kufua, macho yake magharibi. Nikamuuliza amefiwa na nani.

"Nyamaza," akasema. "Inazama."

Nikakaa. Kilichokosekana ni chevda tu.