Sizoni ya Kikorea Iliyonipeleka Misungwi na Shangazi

Hii nikiisimulia naomba mnisitiri, mcheke lakini mkimaliza mnyamaze, maana mwenzenu bado naenda kazini kila asubuhi kwenye ofisi ileile, nakaa kiti kilekile, na mlango wa bosi wangu unatazamana na meza yangu. Aibu za watu wengine mtu anahama mtaa zinaisha. Yangu mimi inanisalimia kila siku, "Habari za asubuhi, Kabula," na mimi naitikia nzuri.

Ofisi yenyewe iko Nyamagana, tunauza injini za boti na vipuri vyake, wateja wetu ni wenye mitumbwi wa huko visiwani na wafanyabiashara wa mjini, na mimi ndiye sekretari. Bosi anaitwa Maduhu. Bado kijana, mpole, shati limenyooka muda wote, na akikutuma kitu anasema tafadhali (nyie mnaofanya kazi mnajua neno hilo lilivyo adimu). Nilimpenda. Nalisema mapema tusizungushane, nilimpenda kabla sijawajua Wakorea, ila nilikuwa nimelifungia hilo jambo moyoni na lilikuwa limetulia huko bila kumsumbua mtu.

Aliyekuja kulichokoza ni Pendo, keshia wetu, siku aliponipa flashi yenye sizoni, tamthilia ya Kikorea, akasema, "Shoga, tazama hii, ni ofisi tupu, utajiona wewe." Nikajiona kweli. Kuna mkurugenzi wa kampuni, hacheki na mtu, na kuna sekretari wake, wanapendana lakini hawaambiani, kila sehemu ukianza unasema leo atasema, hasemi, unalala na hasira. Yote imetafsiriwa kwa Kiswahili na kaka mmoja mwenye sauti ya mafua ambaye anaigiza watu wote peke yake, mkurugenzi yeye, sekretari yeye, mpaka bibi wa mkurugenzi yeye. Mdomo wa Mkorea unafunga, kaka bado anaongea. Siku mkurugenzi alipofungua mdomo hatimaye, alisema (yaani kaka alisema), "Nakupenda tangu siku ya kwanza, hukuona?" nami nikalia kitandani kwangu Buhongwa mpaka mto ukalowa.

Kilichonimaliza ni kwamba wale watu niliwaona kama ndugu zetu. Wanapokea kitu kwa mikono miwili. Mkubwa akiingia wanainama, na mimi kwetu nimelelewa kupiga goti nikimsalimia mkubwa. Nikasema basi, mambo yao na yetu ni mamoja, yakitokea kule na huku yatatokea.

Nikaanza kuona dalili. Mvua ilinikuta mlangoni mwa ofisi, Maduhu akanipa mwavuli wake akakimbilia gari yake akilowana, na mkurugenzi wa kwenye sizoni alifanya hivyohivyo sehemu ya tatu. (Baadaye nilikuja kujua alikuwa na mwavuli mwingine garini.) Akamwambia mama anayetuletea chakula kwamba Kabula asiwekewe pilipili. Ijumaa akienda kwa wazazi wake Misungwi ananishusha Buhongwa, na yule Mkorea naye kila siku alikuwa "anapita njia hiyohiyo," wakati sisi watazamaji tunajua anazunguka mji mzima. Kwamba barabara ya Misungwi inapita Buhongwa tangu enzi, na haina pengine pa kupita, hilo sikulifikiria hata kidogo.

Halafu Alhamisi moja akasimama mbele ya meza yangu, akaangalia kama Pendo anasikia, akasema kwa sauti ya chini, "Kabula, Jumapili una kazi? Nataka uje nyumbani Misungwi. Mama amekusikia sana, anataka akuone. Kuna jambo kubwa naomba unisaidie, sipendi lianzie hapa ofisini."

Nikasema, "Sawa, bosi."

Hivyo tu. Sikuuliza jambo gani. Ungeuliza wewe? Sehemu ya kumi na nne, mkurugenzi alimpeleka sekretari kwao, naye alikwenda peke yake na gauni jeupe, hakuuliza kitu, akakuta ukoo mzima umejipanga sebuleni unamsubiri. Kama ningewafuata Wakorea mpaka mwisho, nikaenda peke yangu na gauni langu, leo msingejua chochote. Lakini mimi ni mtoto wa Kisukuma. Kwetu msichana haendi kuonwa na wazazi wa mwanaume peke yake kama anayekwenda gengeni. Nikampigia Shangazi Minza.

Shangazi Minza ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ni mwanamke wa kanisani, mwembamba, neno lake halirudi, na kwa miaka alikuwa ananiangalia tu, haniulizi lini, lakini ile namna ya kutouliza mnaijua. Nilipomwambia bosi wangu ananipeleka kwa mama yake, nikasikia analia kwenye simu. "Mungu ni mwema," akasema. "Usitie mguu pale bila mimi."

Jumapili akaja na kikapu chenye kitenge kipya cha kumpa mama mkwe na jogoo mwekundu miguu imefungwa, maana hatuendi ugenini mikono mitupu. Mimi gauni jeupe. Tulipofika Misungwi tukakuta turubai limefungwa uani, viti vya plastiki vimejaa watu, sufuria ziko motoni, na moyo wangu ukaniambia: umeona? Ukoo mzima.

Mama yake Maduhu alitoka kutupokea. Shangazi akampa jogoo na kitenge kwa mikono miwili, akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," yule mama akaitikia kwa furaha, akapiga kigelegele, akatukalisha mbele. Nilimwona Maduhu kwa mbali akinipungia mkono. Nikainamisha macho, kama yule sekretari.

Mzee mmoja akasimama, mwenyekiti, akaomba sala, kisha akasema, "Sasa tufahamiane kabla ya kuanza. Upande wa binti, naomba msimame."

Shangazi akasimama. Nami nikasimama, gauni langu jeupe linapepea.

Na ng'ambo ya pili ya turubai wakasimama watu wengine, baba, mama, akina dada, kundi zima.

Mwenyekiti akacheka kwa furaha. "Kumbe mko wengi hivi! Tuanze na hawa wa mbele. Mama, wewe ni nani kwa bibi harusi?"

"Mimi ni shangazi yake," akasema Shangazi kwa ile sauti yake ya kusoma maandiko kanisani. "Nimemlea mwenyewe tangu mdogo, amesoma, hana doa. Na bibi harusi ndiye huyu hapa." Akanishika bega.

Jamani! Hata waliokuwa wanakoroga sufuria waliacha. Nikamtafuta Maduhu nikamkuta amefumba macho, na kando yake amesimama dada mmoja mrefu, nywele zimesukwa vizuri, pete kidoleni, ananitazama bila hasira hata kidogo. Angenitukana ningepona. Alinionea huruma, na huruma yake mpaka leo ninayo kama mwiba wa sato uliokwama kooni.

Maduhu akaja mbio, akicheka kicheko cha kuokoa mtu. "Jamani, kuna mkanganyiko kidogo! Huyu ni Kabula, sekretari wangu wa ofisini. Nimemwomba aje awe katibu wa kamati yetu ya harusi. Anaandika muhtasari vizuri hakuna mfano." Kisha akaniinamia, akaninong'oneza, "Samahani, Kabula, ningekueleza." Ananiomba samahani yeye! Na watu wakaanza kucheka, kwanza wachache nyuma, halafu wote, kicheko cha watu wema wasiojua wanamcheka nani.

Basi hilo ndilo jambo kubwa. Kalamu yangu ndiyo iliyoitwa Misungwi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikageuka niondoke, nipite uchochoroni, nirudi Buhongwa hata kwa miguu. Shangazi akanishika mkono. Uso wake ulikuwa umekauka, hautikisiki, akaniambia taratibu ili wengine wasisikie, "Ukitoka sasa watajua ni kweli. Ukikaa, mjinga ni mimi mzee nisiyeelewa. Kaa uandike."

Kisha akawageukia wale watu, akacheka, akasema masikio ya uzee yamemponza, alijua ameitwa kwenye sherehe ya mpwa wake. Watu wakampigia makofi. Mwanamke ambaye hajawahi kudanganya, alidanganya mbele ya turubai zima kwa ajili yangu, siku ya Bwana.

Nikakaa. Nikapewa karatasi. Nikaandika: Agenda ya kwanza, utambulisho. Wajumbe walijitambulisha. Nikaendelea, ukumbi, keki, sare za kamati, gari la maharusi, kila kitu cha siku niliyoiota nikakiandika kwa mwandiko mzuri kwa ajili ya mtu mwingine. Maduhu akisema jambo, yule dada mwenye pete anamalizia sentensi, wanatazamana. Kumbe hivyo ndivyo anavyotazama mtu anayempenda. Sikuwahi kutazamwa vile hata mara moja, na ningekuwa na akili ningejua. Tulipomaliza tukaletewa wali na kuku, nami nilimfahamu yule kuku. Shangazi alikula. Mimi sikuweza.

Tukasimama barabarani kusubiri gari ya kurudi, mimi na yeye na kikapu kitupu. Hakunigombeza. Kwa muda mrefu alikuwa anafuta vumbi kwenye viatu vyake vya kanisani, kisha akaniuliza kama anayeuliza kitu cha kawaida, "Mwanangu, alikuambia lini kwamba anakupenda?"

Nikafikiri. Nikarudi nyuma kwenye mwavuli, pilipili, Ijumaa zote za ndani ya gari. "Hajawahi kuniambia, Shangazi."

"Sasa nani alikuambia?"

Nikafungua mdomo nijibu, na sauti iliyonijia kichwani ni ya yule kaka mwenye mafua. Nakupenda tangu siku ya kwanza, hukuona? Ndiye peke yake. Katika maisha yangu yote hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kuniambia neno hilo, na yule mwenyewe alikuwa analipwa alitamke, na dakika hiyohiyo alikuwa anajijibu yeye mwenyewe kwa sauti ya kike. Nikalia pale kituoni. Shangazi akavua mtandio wake akanifunika, watu wasinione.

Ukatibu niliumaliza, ningekataaje bila kusema sababu. Kila kikao mwenyekiti alisema, "Upande wa bibi harusi, ule halisi, simameni," watu wanacheka, na mimi nacheka huku nimeinamia karatasi. Harusi ilipendeza. Maduhu alinishukuru mbele ya ukumbi mzima, na mke wake hunitumia salamu mpaka leo. Ijumaa siku hizi naaga mapema, nasema napitia sokoni, ili asinipe lifti.

Flashi nilimrudishia Pendo kabla ya sehemu ya mwisho. Akataka kunihadithia ilivyoisha nikamwambia akithubutu tutakosana. Nimejiapiza sizoni sitazitazama tena, na nikisikia nakupenda popote, kwanza nitatazama mdomo wa anayesema, nione kama unafunga pamoja na maneno. Mpaka sasa sijapata kazi hiyo ya kutazama. Shangazi naye amerudi kwenye kutoniuliza, lakini sasa ni tofauti, kabla ya yale alikuwa anasubiri. Kile kitenge cha mama mkwe alikuwa amenunua pea, kimoja cha kule na kimoja chake, waje wafanane siku ya harusi. Chake bado kiko sandukuni, hajakishona.