Tuliwasamehe zamu watoto wa wakimbizi shuleni kwetu Tunduma, na ndivyo tulivyompoteza mmoja

Wakuu, habari za mchana.

Leo sina umbea wala siasa. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu mwaka jana na nimechoka kumsimulia mke wangu peke yake. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea. Atakayeona natunga aje Tunduma, soda juu yangu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha. Pia ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi anayosoma binti yangu, tumwite Tumaini. Ujumbe wenyewe nilichaguliwa nikiwa sipo kikaoni, mnajua mambo ya Bongo.

Shule ilipofunguliwa mwaka jana tukapata watoto kadhaa wageni. Wengine wametokea upande wa Zambia, wengine wamekimbia vita Kongo na wazazi wao. Mambo ya vibali msiniulize, mimi si uhamiaji.

Mmoja wao ni Masengo, binti wa kama miaka kumi, kutoka Kongo. Mama yake alikuwa msusi, na walipanga chumba nyuma ya karakana yangu karibu na soko. Akapangiwa darasa la tatu pamoja na Tumaini. Kusoma anajua, na Kiswahili chao tunaelewana vizuri tu. Mtoto mchangamfu, anakusalimia ukiwa bado uko mbali.

Mwalimu mkuu akaitisha kikao. Akasema watoto wa namna hii huwa wanakuja, halafu wanapotea kabla muhula haujaisha. Tuwasaidieje wabaki?

Nikasimama mimi. Nikasema jamani, hawa wamepitia mengi, tuwasamehe zamu. Wasichote maji, wasifagie, wasilime shamba la shule, hata mahindi ya uji wasichangishwe. Waje wasome tu.

Kikao kizima kikapiga makofi. Nikajiona nimeupiga mwingi.

Sasa kwa wasioijua Tunduma, maji huku ni shughuli. Bomba linaweza kukauka mpaka ukasahau kama lipo. Kwa hiyo kundi lenye zamu linaamka mapema, watoto wanapitiana majumbani, wanaenda kisimani na madumu, wanapanga foleni, ndipo wanaelekea shule.

Sisi wazazi tunaona ni mateso. Hatukuwaza kwamba urafiki wao wote unaanzia huko kisimani. Huko ndiko wanakotaniana, wanakogombana na kupatana.

Masengo hakuwa na kundi.

Asubuhi wenzake wakifagia na kumwagilia, yeye amekaa kwenye ngazi za darasa, begi mapajani, anawaangalia. Wakamwita Mheshimiwa. Na sisi watu wazima tulipolisikia hilo jina tulicheka.

Darasani Madam wao alimweka mbele. Hamchapi, hamuulizi swali gumu, mtoto mwingine akimsogelea kwa utani anaambiwa "mwacheni mgeni." Yule mwalimu ana roho nzuri kabisa, simlaumu.

Kuna siku Masengo alikuja na dumu la maji kichwani, amelichota mwenyewe bila kutumwa. Madam akalipokea, akamwambia pole mwanangu, wewe pumzika. Akampa mtoto mwingine akamwagilie maua.

Madam mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena kwa furaha, kunionyesha wanavyomjali. Na mimi nikamsifu.

Wakuu, hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Mtoto alikuwa anaomba kuingia na sisi hatukuelewa.

Muhula wa pili akaanza kukosa shule. Mara kichwa kinauma, mara anamsaidia mama kusuka. Nikamuuliza Tumaini, "Kwani mnamwonea?"

"Hapana baba. Hatumwonei. Ila hatumjui."

Nikamfuata mama yake, nikamkuta anamsuka mteja. Nikaanza kumweleza umuhimu wa elimu, yale maneno yetu ya kamati. Akanisikiliza mpaka mwisho, vidole vinaendelea na kazi.

"Baba Tumaini, muko watu wazuri, sikatai. Lakini mutoto wangu kila siku munamupokea. Leo munamupokea, kesho munamupokea tena. Atafika siku gani?"

Niliaga nikaondoka.

Siku ileile nikaenda kwa mwalimu mkuu. Hakubisha hata kidogo. Akamwingiza Masengo kundi la maji, kundi la akina Tumaini, waanze naye Jumatatu. Nilitakiwa nirudi kumwambia mama yake, lakini nilikuwa na kazi ya geti Ihanda na mwenye nyumba ananipigia simu kila saa. Nikasema nitawaambia nikirudi.

Nilirudi Jumatatu mchana. Tumaini ndiye aliyenipa habari, bado ana vumbi magotini.

Alfajiri kundi zima lilikuwa limempitia Masengo. Wakasimama mlangoni na madumu yao, wakamwita kwa jina lake, si lile la utani. "Masengo, twende maji!" Waligonga mpaka jirani akatoka akawaambia wamehama tangu Jumamosi, wameenda kwa ndugu zao Zambia. Hawakuamini, wakaendelea kusubiri. Wakachelewa shule, wakapigishwa magoti wote.

Mama wa watu hakuaga. Na angeniaga mimi kwa lipi?

Tulifuta ule msamaha. Sasa wageni wanapewa zamu wiki ileile wanayofika. Juzi nilimkuta mtoto mmoja wa upande wa Zambia anafokeana na mwenzake kwa sababu ya dumu lililotoboka, kila mmoja anamsukumia mwenzake kosa. Nilifurahi, halafu nikajisikia vibaya, maana Masengo hakuwahi kupata hata ugomvi kwetu.

Nilichojifunza ni kwamba huruma ikizidi inamweka mtoto pembeni. Kama ni kupunguziwa, apunguziwe gharama ya sare au daftari, lakini kazi wanazofanya wenzake afanye nao.

Walimu na wazazi mlioishi na watoto wa hivi, huko kwenu mnafanyaje? Nakaribisha hata matusi.

Na kama kuna mwalimu wa upande wa pili wa mpaka anasoma hapa, akapokea binti wa Kongo mpole kupita kiasi, anayekaa peke yake kwenye ngazi, namuomba kitu kimoja tu. Akichelewa, amgombeze kama wenzake.